Sura ya Saba: Tembo Yuko Wapi Saa Hii

Kilimarondo iko magharibi mwa Nachingwea, mkoani Lindi, upande ambao mashamba ya korosho, ufuta na mbaazi yanakwisha na miombo inaanza. Ukiifuata miombo hiyo kuelekea kaskazini-magharibi utapita Liwale na hatimaye kufika Selous. Ukielekea kusini utakutana na mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule, kisha mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji na hifadhi kubwa ya Niassa. Watafiti wa shoroba za wanyamapori wameliandika eneo hili kuwa mojawapo ya njia za tembo kati ya Selous na kusini. Tembo walikuwa wakipita hapa kabla wilaya hazijachorwa.

Mahindi yanapokomaa, mwenye shamba hulala kwenye dungu. Ana tochi, ana debe la kupiga, ana moto chini. Analinda kwa masikio kuliko kwa macho, kwa sababu tembo akiingia gizani, kitu cha kwanza kinachosikika ni bua linalovunjika, na bua likishasikika, mnyama yumo tayari. Anachohitaji mtu huyu ni jibu la swali moja: tembo yuko wapi saa hii, na anakwenda upande gani kwa kasi gani? Sura hii inahusu vifaa vilivyobuniwa kulijibu swali hilo, na sehemu ya jibu ambayo bado haijamfikia.

Wasasi wa kale wa kusini, Wangindo, Wamakua na wengineo, walikuwa na vipimo vyao. Unyayo wa mbele wa tembo, ukiuzungushia kamba na kuuchukua urefu wake mara mbili, unakupa kwa karibu sana kimo cha mnyama hadi begani. Kinyesi kilicho na joto kinasema saa. Majani yaliyokatwa, utomvu uliokauka au usiokauka, mchanga uliomwagikia ndani ya alama ya mguu: yote hayo ni usomaji wa mahali na wakati. Ni elimu ya kweli, na mpaka leo askari wa wanyamapori wanaitumia. Upungufu wake ni kwamba inaeleza tembo alikokuwa. Kujua aliko sasa kunataka mnyama mwenyewe abebe kitu kinachosema.

Kitu hicho kilijaribiwa mapema katika ardhi yetu. Katikati ya miaka ya 1960, Iain Douglas-Hamilton, kijana wa Chuo Kikuu cha Oxford, alifika Hifadhi ya Ziwa Manyara kuwachunguza tembo. Kwanza aliwatambua mmoja mmoja kwa pasuko na matundu ya masikio yao. Kabla muongo huo haujaisha alikuwa anawavisha mikanda yenye redio. Redio ile haikujua chochote kuhusu mahali. Ilitoa mlio tu, na kazi yote ilimwangukia binadamu: unasimama na antena mkononi, unaizungusha mpaka mlio uwe mkubwa kuliko pande zote, unachora mstari kwenye ramani, unahamia mahali pengine na kuchora mstari wa pili. Mistari inapokatana, tembo yuko hapo, au yuko karibu na hapo. Kwenye genge na mabonde mawimbi hugonga ukuta na kurudi, na mstari ukaelekea kusiko na mnyama. Na tembo akitoka nje ya masafa ya antena, amepotea mpaka upate ndege ndogo ya kumtafutia kutoka juu.

Mwaka 1970 Wamarekani walimvisha jike la elk, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa Amerika, aliyeitwa Monique, mkanda wa zaidi ya kilo 10 uliowasiliana na setilaiti ya hali ya hewa. Ulikuwa mzigo mzito mno kwa mnyama yule, lakini ulifungua njia: sikio linalomsikiliza mnyama likahamia angani.

Jinsi setilaiti inavyopata mahali bila kuona kitu ni jambo lililogunduliwa kwa bahati. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Katika maabara moja ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach waliunasa mlio wake na kuona kwamba unapanda setilaiti inapokuja na kushuka inapokwenda, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Kwa kupima kiasi cha kupanda na kushuka, wakaijua njia nzima ya Sputnik wakiwa wamekaa mahali pamoja. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: kama mtu aliye mahali panapojulikana anaweza kuijua njia ya setilaiti, basi setilaiti yenye njia inayojulikana inaweza kumjulisha mtu mahali alipo. Kasi ilikuwa imegeuka kuwa mahali. Mfumo wa Argos, ulioanzishwa na Wafaransa na Wamarekani mwaka 1978, umejengwa juu ya hesabu hiyohiyo, na kwa miaka mingi ndio uliofuatilia kasa, ndege na tembo duniani. Kosa lake lilikuwa mamia ya mita, na mara nyingi kilometa kadhaa. Kwa mtafiti anayechora safari ya mwaka mzima, hilo linavumilika. Kwa mwenye dungu, kosa la kilometa mbili ndilo tofauti ya shamba lake na kijiji cha pili.

GPS ilikuja na njia nyingine, na njia hiyo ni saa. Kila setilaiti yake, ikiwa kilometa 20,200 juu ya dunia, inatangaza jambo moja bila kuchoka: mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasoma hivi. Kipokezi kilicho shingoni mwa tembo kinalinganisha wakati ujumbe ulipotoka na wakati ulipofika. Wimbi la redio husafiri karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda unageuka kuwa umbali. Ukipata umbali kutoka setilaiti nne, unapata mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, na hata kosa la saa yako mwenyewe. Setilaiti tatu zingetosha kama kipokezi kingekuwa na saa kamilifu. Saa ya namna hiyo ni ghali na nzito, na ya nne ipo ili saa ya bei ndogo irekebishwe na zile kubwa za angani.

Usahihi unaotakiwa hapo unashangaza. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, mahali panakosewa kwa mita 300. Tena saa zilizo angani, kwa jumla ya athari za kasi ya setilaiti na udhaifu wa mvutano wa dunia kule juu, hukimbia mbele ya saa za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia za Einstein zilivyotabiri. Zisiporekebishwa, kosa linajilimbikiza kwa kilometa zipatazo 11 kwa siku. Marekebisho hayo yanafanyika kwa kila anayetumia simu yenye ramani, pamoja na bodaboda wa Nachingwea anayetafuta njia ya Ruangwa.

Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ulikamilika mwaka 1995. Mwaka huohuo Douglas-Hamilton, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ameanzisha shirika la Save the Elephants nchini Kenya, alianza kuujaribu kwa tembo wa Amboseli. Wakati ule jeshi la Marekani lilikuwa bado linaharibu kwa makusudi alama zinazotolewa kwa raia, hivyo kosa lilifikia mita 100 hivi. Tarehe 2 Mei 2000 uharibifu huo ulizimwa kwa amri ya Rais Clinton, na kuanzia siku ile kila mkanda wa tembo Afrika ukawa sahihi zaidi bila mtu kuugusa.

Nchini Tanzania mikanda hii inajulikana kwa jina la visukuma mawimbi. Inafaa kueleza jinsi inavyofungwa, maana ni kazi ya hatari na ustadi. Helikopta inamtenga tembo aliyechaguliwa, daktari wa wanyama anampiga sindano ya usingizi kutoka angani, na kundi linasogezwa mbali. Mnyama akilala, mtu mmoja anahakikisha mkonga umenyooka na pua zake zimefunguka, mwingine anamwagia maji masikio yapoe, na wengine wanapitisha mkanda chini ya shingo. Mkanda ni wa ngozi ngumu ya mpira kama ile ya mitambo ya viwandani. Chini kuna uzito wa chuma, na uzito huo una kazi ya maana: unauvuta mkanda ili kifaa chenye antena kibaki juu ya shingo daima, kikiitazama mbingu. Kikigeukia chini hakisikii setilaiti. Dawa ya kuamsha inachomwa, na baada ya dakika chache tembo anasimama.

Tangu hapo mkanda unaishi kwa betri, na katika betri ndimo ulimo ugumu wote wa ubunifu huu. Nitarudi hapo.

Kifaa kilichobuniwa kupima mahali kilipima pia mambo ambayo hayakutarajiwa. Mwaka 2005 Douglas-Hamilton na wenzake walionyesha kwamba tembo wanaovuka kutoka eneo salama kwenda lingine hupita ushorobani kwa kasi, wakati ndani ya hifadhi hutembea polepole wakila. Yaani ramani ya kasi inaonyesha mahali mnyama anapojisikia hayuko salama. Mkenya Festus Ihwagi aliliendeleza jambo hilo kwa makini. Alichukua kumbukumbu za tembo 60 wa Laikipia na Samburu kati ya 2002 na 2012, akalinganisha mwendo wa usiku na mwendo wa mchana, na mwaka 2018 akachapisha matokeo: ujangili unapozidi, tembo huhamishia safari zao usiku. Kwa maoni yangu hiyo ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizofanywa na mtafiti wa Afrika Mashariki kwa vifaa hivi, kwa sababu ilitoa dalili ya ujangili bila kungoja mizoga ihesabiwe.

Mwaka huohuo wa 2018 watafiti wa Oxford, Beth Mortimer na wenzake, wakishirikiana na Save the Elephants huko Samburu, waliweka ardhini vihisi vya mtetemo, vya aina inayotumika kunasa matetemeko. Waligundua kwamba hatua za tembo na ngurumo zake zinaacha alama katika udongo, na kwamba kompyuta inaweza kuzitenganisha: huyu anatembea, huyu anakimbia, huyu anaita. Kihisi cha namna hiyo hakihitaji kumlaza mnyama, na kinamsikia hata yule ambaye hakuvishwa kitu.

Kusini tulihitaji vifaa hivi kuliko karibu mahali popote. Mwaka 1976 Selous ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 katika mfumo wa Selous na Mikumi ilikadiria 13,084. Wengi waliotoweka katika miaka ya mwisho waliuawa kwa ajili ya pembe. Kabla ya wimbi hilo kubwa, Donald Mpanduji wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake kutoka Berlin walikuwa wamewavisha mikanda tembo wa ushoroba wa Selous na Niassa, na mwaka 2002 wakachapisha ramani za mwendo wao. Mwaka 2018 Serikali na shirika la WWF walitangaza mpango wa kuwavisha tembo 60 katika Selous ndani ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Baadaye Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, ilivisha visukuma mawimbi tembo wa wilaya za kusini, Nachingwea ikiwa mojawapo, safari hii sababu kubwa ikiwa mashamba.

Ujangili ulipopungua, tembo walirudi katika njia zao za zamani, na wakakuta njia hizo zimelimwa.

Historia ya mpaka kati ya mashamba na nchi ya wanyama nayo ina uzito wake. Wakati wa ukoloni, bwana nyama wa Liwale, C. J. P. Ionides, alijenga utaratibu wa kuwapiga risasi tembo waliotoka na kuwaachia waliobaki ndani, huku eneo la Selous likipanuliwa. Katika miaka ya 1940 Wangindo wengi wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, na nchi waliyoiacha ikawa ya wanyama. Watu walisogezwa, mpaka ukasogezwa, na umbali kutoka mpaka huo ukaja kupewa thamani ya shilingi. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa walioathiriwa na wanyamapori, ziliweka kwamba shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu, na kadiri shamba lilivyokuwa mbali kiwango kilipanda, hadi shilingi 100,000 kwa eka kwa lililokuwa zaidi ya kilometa 5, bila kuzidi eka tano. Kwa mkulima wa kijiji cha mpakani, basi, kipimo cha mahali si cha tembo peke yake. Shamba lake mwenyewe limepimwa pia, na mita chache zinaweza kumnyima haki.

Sasa turudi kwenye betri. Tuseme mkanda unasoma mahali mara moja kwa saa na kutuma. Usomaji wenyewe una kosa la mita 10 hivi, na ni mafanikio ya miaka 50 ya wahandisi. Lakini tembo aliyekusudia kusafiri huenda kilometa 5 kwa saa bila kukimbia. Dakika ya 59 baada ya usomaji, yule aliyejulikana kwa usahihi wa mita 10 anaweza kuwa popote ndani ya duara la nusu kipenyo cha kilometa 5. Usahihi wote umeyeyuka kwa kungoja. Tatizo la Kilimarondo si mita tena. Ni dakika.

Kwa nini basi mkanda usisome kila dakika tano? Kwa sababu usomaji 24 kwa siku unakuwa 288, mara 12. Betri iliyokusudiwa kudumu miaka mitatu, kama matumizi yake makubwa ni hayo, ingekwisha katika miezi mitatu, na tembo angelazwa upya kwa helikopta na sindano. Hakuna daktari anayeyataka hayo kwa mnyama, na hakuna bajeti inayoyabeba.

Njia iliyopatikana ni kuufanya mkanda wenyewe ufikiri. Mfano unaokumbukwa ni wa Kimani, dume wa Ol Pejeta kule Laikipia, aliyekuwa na tabia sugu ya kuvamia mashamba. Tembo wengine watano wa hifadhi ile waliokuwa na tabia hiyo walikuwa wameuawa na Shirika la Wanyamapori la Kenya kwa shingo upande. Kimani aliwekewa mkanda wenye laini ya simu, na mpaka wa hifadhi ukachorwa ndani ya kumbukumbu ya mfumo. Alipousogelea, ujumbe mfupi ulimfikia askari, askari wakaenda na gari na taa kumrudisha. Habari zake zilienea duniani mwaka 2008. Mikanda ya sasa imesonga mbele: inasoma mara chache mnyama akiwa porini mbali, na mnyama akivuka mstari uliowekwa inaanza kusoma mara kwa mara. Betri inatunzwa kwa ajili ya saa za hatari.

Bado kuna mipaka, na ni vizuri kuisema wazi. Mkanda wa jike kiongozi unaeleza habari za kundi zima, maana familia inamfuata. Ila uchunguzi wa Amboseli na kwingineko unaonyesha wavamizi wakubwa wa mashamba ni madume, na madume hutembea peke yao au kwa vikundi vidogo visivyodumu. Ukivisha majike tu, ramani yako itakuwa nzuri na shamba litaliwa. Jambo lingine ni mtandao wa simu. Porini mkanda unatumia setilaiti na ujumbe unafika ofisini. Kutoka ofisini hadi kwenye dungu ujumbe unategemea minara, na ndani ya miombo ya magharibi ya Nachingwea mtandao si wa kutegemewa kila mahali. Na ujumbe ukifika unamkuta nani, ana nini? Mabomu baridi, pilipili, mizinga ya nyuki, na ndege nyuki zilizojaribiwa kando ya Tarangire na Manyara zikaonekana kuwatimua tembo, vyote vinafaa, mradi viwepo kijijini kabla ya mnyama.

Naona kazi iliyobaki ni ndogo kuliko iliyokwisha kufanyika. Saa zilizo angani zimesharekebishwa, kosa la kilometa limekuwa mita, na mkanda umefundishwa kuutambua mpaka. Ninaloomba kwa Wizara ya Maliasili na Utalii, TAWIRI, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) na halmashauri za Nachingwea, Ruangwa na Liwale ni kwamba kila kisukuma mawimbi kinachofungwa kusini kifungwe pamoja na orodha ya simu: askari wa wanyamapori wa kijiji, mwenyekiti, na mlinzi mmoja wa kila kitongoji cha mpakani. Madume wahesabiwe katika mikanda hiyo. Redio za mkononi zigawiwe pale ambapo simu haishiki. Na ujumbe wa kwanza, tembo anapovuka mstari, uende Kilimarondo kabla ya kwenda Arusha au Dodoma.